Kutunza Gari Kuukuu

Gari jipya husifiwa na kila apitaye njiani, lakini gari kuukuu hulisha watu wengi zaidi. Mazao ya mashamba yetu hayapandi mlima kwa magari yang'aayo; hupandishwa na pikapu zilizokwisha kupitia mikono mingi, ambazo rangi yake imeliwa na jua na viti vyake vimeshonwa na kushonwa tena. Kwa hiyo utunzaji wa gari kuukuu si elimu ya mafundi peke yao. Ni elimu ya kila mtu ategemeaye chombo kwa riziki yake, na hata kijana asiyekuwa na gari atafaidika nayo, kwa kuwa hakuna maisha yasiyokuwa na kitu kikuukuu cha kutunzwa.

Mimi ni mwalimu wa shule katika Bonde la Kerio. Mimi na kaka yangu mkubwa tulirithi kwa marehemu baba yetu pikapu moja ya dizeli, Toyota Hilux ya mwaka 2001, yenye injini ya silinda 4 ambayo mafundi huiita 5L. Mita yake imepita kilometa 412,000. Mwezi uko mbali nasi kwa wastani wa kilometa 384,400. Basi lau pangalikuwa na barabara mbinguni, pikapu yetu ingalikwisha kufika mwezini na kuanza safari ya kurudi. Kazi yake ni kuchukua maembe kutoka bondeni mpaka soko la Eldoret. Kazi yake ya pili haikuandikwa popote, ila kila mtu kijijini aijua: usiku, muuguzi wa zahanati akipata mgonjwa aliyemshinda, hubisha mlango wetu.

Njia yenyewe si rahisi. Chini bondeni twakaa katika mwinuko wa mita 1,000 na ushei juu ya bahari. Iten, kwenye ukingo wa juu, iko karibu mita 2,400. Barabara ipitayo Tambach huupanda mwinuko huo wote kwa kona zifuatanazo, na gari lenye shehena hupanda kwa gea ya pili, injini ikinguruma muda mrefu bila ya kupumzika.

Kabla ya kusema juu ya matengenezo, hapana budi tuijue injini yenyewe. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1893, na mwaka 1897 injini yake ilifanya kazi sawasawa katika mji wa Augsburg. Injini hiyo haihitaji cheche ya kuyawasha mafuta. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda, na katika injini kama yetu hewa hubanwa mpaka ujazo wake ukapungua zaidi ya mara 20. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto lipitalo digrii 500, na dizeli inyunyizwapo ndani yake huwaka yenyewe. Mtu aliyepata kutia upepo gurudumu la baiskeli amewahi kuuhisi moto huo kwa kidole chake kwenye pampu. Kwa sababu ya mbano huo injini ya dizeli huundwa nzito na imara, na ndiyo sababu hudumu miaka mingi. Hata hivyo kazi yake ni ya kutisha. Izungukapo mara 2,500 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka mara 2,500, na ndani ya kila silinda moto huwaka mara 1,250. Chuma kipi kitavumilia hayo milele?

Mwaka 2023, msimu wa maembe ulipokuwa ukikaribia, tulikuwa na akiba ya shilingi 60,000. Fundi wetu aliikagua pikapu akatuandikia orodha ya mambo yote ambayo yangefaa kutengenezwa kabla hayajaharibika. Jumla yake ilikuwa shilingi 140,000. Wakati uo huo binti wa kaka yangu alikuwa akisubiriwa chuoni, na karo yake iliyopungua ilikuwa shilingi 25,000.

Kaka alisema neno ambalo halikuwa la kipumbavu hata kidogo. "Mwalimu," alisema, "injini hii inawaka kila asubuhi na kupanda mlima kila siku. Mtoto ambaye hajalia wataka kumbembelezea nini? Mtoto wangu mimi ndiye anayelia."

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo ni ya haki, lakini yalisemwa juu ya nyumba ambayo ufa wake waonekana kwa macho. Injini ni nyumba ambayo nyufa zake zi ndani, na nyingine hazionekani mpaka siku ya kuanguka. Tena methali haituambii, nyufa zikiwa kumi na udongo ukitosha kuziba nne tu, tuanze na upi. Swali hilo ndilo lililotukalisha mezani usiku ule, na jibu lake ndilo nitakalo kumpa msomaji. Tulivigawa viungo vyote vya orodha katika vyeo vitatu.

Cheo cha kwanza ni cha viungo ambavyo vikifa havifi peke yao. Mkuu wao ni mkanda wa taimingi. Huu ni mkanda wa mpira wenye meno, uliofichwa nyuma ya kifuniko mbele ya injini. Huzungusha kamshafti inayofungua valvu, na pia pampu ya dizeli, ili vyote vifuate mwendo wa pistoni. Ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni huendelea kupanda na kuzikuta valvu ziko wazi njiani. Valvu hupinda, na huenda pistoni yenyewe ikapasuka. Mkanda huo haulii wala hautoi moshi kabla ya kukatika. Kwa hiyo dawa yake si macho, bali ni hesabu: hubadilishwa kwa kilometa kama kitabu cha gari kinavyoagiza, na wenye magari wengi huubadili kila kilometa 100,000. Daftari la marehemu baba lilionyesha kwamba wetu ulitiwa mita ikisoma 297,000. Ulikuwa umekwenda kilometa 115,000.

Wa pili katika cheo hiki ni njia ya maji. Pwani, maji huchemka kwa digrii 100. Pale Iten huchemka kwa digrii 92 hivi, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Basi gari lipandalo kwetu hupatwa na mambo mawili kwa pamoja: injini huzidi moto, na maji huzidi wepesi wa kuchemka. Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta. Springi iliyo ndani yake huzuia mvuke kutoka, maji hukaa chini ya mkandamizo, na hayachemki hata yakipita digrii 100. Springi ikilegea, maji huruka nje, kichwa cha silinda hupinda kwa joto, na gasketi iliyo chini yake huungua. Bei ya kifuniko hicho haizidi sana bei ya kuku; bei ya kichwa cha silinda ni bei ya ng'ombe. Pamoja na kifuniko kuna mipira ya maji, themostati, na dawa ya rejeta izuiayo kutu. Wa tatu ni oili, ambayo kwa gari la umri huu twaibadilisha kila kilometa 5,000 pamoja na chujio lake.

Cheo cha pili ni cha viungo vitoavyo taarifa kabla ya kufa. Nozeli zikichakaa moshi huwa mweusi na nguvu hupungua. Ringi za pistoni zikiisha moshi huwa wa samawati, nayo oili hupungua kila wiki. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikiisha kupata moto huonya kwamba dizeli haiungui yote, au kwamba maji yameingia mahali pasipo pake. Zaidi ya moshi, fundi hupima mbano wa kila silinda kwa geji. Tulimwomba fundi atupimie, na silinda zote 4 zilikaribiana. Ndipo tulipofuta katika orodha kazi iliyokuwa na gharama kubwa kuliko zote, yaani kufungua injini nzima na kutia ringi mpya. Kumpasua mtu asiyeumwa, kwa hofu ya maradhi ambayo hayajaja, si uganga.

Cheo cha tatu ni cha viungo ambavyo vikifa hukuacha njiani lakini haviui kingine: stata, betri, altaneta, na plagi za kupashia silinda moto asubuhi ya baridi. Hivi vitangoja. Atakayelala njiani kwa ajili ya stata ataamka akiwa na injini yake nzima.

Tulipokwisha kuvipanga hivyo, hesabu ya cheo cha kwanza ilikuwa shilingi 35,000. Zilizobaki zilikuwa shilingi 25,000, na binti akaenda chuoni. Sitaki msomaji adhani kwamba mambo hulingana hivyo siku zote. Zingalipungua, karo ingalitangulia na pikapu ingalisimama nyumbani mpaka maembe ya kwanza yauzwe kwa bei ya walanguzi shambani. Kupanga hakuongezi fedha. Huonyesha tu ni hasara ipi unayoichagua.

Siku ya kazi fundi aliutoa mkanda wa zamani akauweka mikononi mwa kaka yangu. Ulikuwa mzima. Meno yake yote yalikuwapo, ila ukingo mmoja ulikuwa umelowa oili kidogo, iliyovuja kwenye sili. Kaka aliugeuza na kuugeuza, akasema, "Tumetupa fedha." Sikuwa na la kumwonyesha. Huu ndio ugumu wa kila kinga: ikifanya kazi yake haiachi ushahidi. Mtu aliyepona hujulikana, lakini mtu ambaye hakuugua hana wa kumshangilia.

Majuma matano baadaye, katika usiku wa mvua, muuguzi alibisha. Mama mmoja kijana alikuwa katika uchungu tangu asubuhi na mtoto amekaa vibaya. Kaka alishika usukani, nami nikakaa nyuma chini ya turubai pamoja na ndugu zake. Tulipanda kona zote za Tambach bila ya kusimama, na sindano ya joto haikuondoka mahali pake. Tulifika hospitali ya Iten, na kabla ya mapambazuko mtoto alizaliwa kwa upasuaji, naye na mama yake walikuwa wazima. Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba mkanda wa zamani ungalikatika usiku ule. Labda ungalitufikisha vilevile. Lakini njia nzima nilimsikia mgonjwa akilalamika, na sikuwa nikiuwaza mkanda. Kutouwaza huko ndiko tulikokununua.

Tangu wakati huo tumeweka kanuni mbili. Ya kwanza, kila kilometa tuendayo huwekewa shilingi 3 katika akiba isiyoguswa kwa jambo jingine. Pikapu yetu hukimbia kama kilometa 20,000 kwa mwaka, basi hukusanya shilingi 60,000, na matengenezo hayatujii tena kama mgeni asiye na taarifa. Ya pili, daftari la baba laendelea kuandikwa: tarehe, kilometa, kilichobadilishwa, rangi ya moshi, kiasi cha oili kilichoongezwa, na siku tulipomwaga maji yaliyotuama chini ya chujio la dizeli. Bila ya maandishi yake ya kilometa 297,000 tusingalijua umri wa mkanda, na hesabu yetu yote ingalikuwa kubahatisha.

Nanyi vijana msomao haya, huenda kesho mkarithi gari, au mashine ya kusaga, au pampu ya maji, au tangi la mvua la shule. Msiulize tu kama kinafanya kazi. Ulizeni kikifa kitakufa na nini, na ni nani atakayekuwa juu yake siku hiyo. Kisha fungueni daftari.

Kaka hajakubali mpaka leo kwamba mkanda ule ulistahili kutolewa. Lakini mwezi uliopita, mita iliposoma 417,000, ni yeye aliyenikumbusha kwamba oili imefika.