Ramani Moja kwa Nchi Nzima

Ninaandika haya saa nne usiku, nikiwa kibarazani kwangu Tumbi, Kibaha, kwa sababu ndani hakukaliki. Ni mwezi wa Februari. Jua limezama zamani, lakini ukuta wa chumba changu cha kulala bado ni wa moto kama paji la uso la mwenye homa. Feni inazunguka bila kupoza kitu. Inachanganya joto na joto. Ningeweza kununua kiyoyozi, na pengine nitanunua, kisha nitakuwa mtumwa wa LUKU kwa ajili ya kosa nililolifanya mwenyewe.

Nyumba hii niliijenga kwa miaka sita, kwa mkopo na kwa kujinyima. Ramani niliinunua Dar es Salaam. Paa lake la bati limefichwa nyuma ya ukuta, kama ulivyo mtindo wa siku hizi, kwa hiyo hakuna upenu hata wa shubiri moja unaozikinga kuta na jua. Madirisha ni ya aluminiamu ya kuteleza: ukilifungua lote, nusu yake imefungwa. Chumba changu kinatazama magharibi, nacho hupokea jua la alasiri mpaka linapotua. Wageni waliisifu. Aliyeuliza swali ni jirani yangu mmoja tu, bibi wa Kizaramo, aliyeizunguka nyumba taratibu kisha akasema, "Mwalimu, upepo utaingilia wapi?"

Nilitabasamu kwa adabu, na moyoni nikamwona hajui mambo. Nyumba yake ni ya miti na udongo, yenye ukumbi unaoanza mlango wa mbele na kutokea uani. Saa nane mchana, wakati mimi natafuta pa kukimbilia, yeye hujilaza mkekani katikati ya ukumbi ule na upepo ukampitia.

Kama kosa langu lingeishia kwenye jasho, nisingewachosha wasomaji. Lakini ramani ile niliitumia mara mbili. Mwaka ule ule niliomaliza kujenga hapa, nilimpelekea fundi wa nyumbani kwetu Njombe ramani ile ile, amjengee mama yangu. Nilitaka majirani waone kwamba mtoto wake amesoma. Tofali zilikuwa za saruji, sakafu ya vigae, bati juu, na dari hatukuweka kwa sababu fedha zilikuwa zimekwisha. Mama alishukuru, akahamishia vyombo vyake humo, na usiku akaendelea kulala katika jiko lake la zamani la udongo na nyasi, kando ya mafiga. Nilipopata habari niliona aibu, nikampigia simu na kumsihi aache ushamba. Naliandika neno hilo kwa sababu ndilo nililolitumia.

Julai ilipofika alinitii. Yeye na mjukuu wake walilala nyumba kubwa. Usiku baridi ikawazidi, akaingiza jiko la mkaa chumbani, akaziba kwa vitenge nyufa za dirisha na chini ya mlango. Alfajiri mdogo wangu aligonga hodi bila kujibiwa, akavunja mlango. Mtoto alizinduka walipomtoa nje. Mama alizinduka hospitalini, siku ya pili.

Daktari alinieleza kwa simu jambo ambalo mtu wa kiwango changu cha elimu alipaswa kulijua. Mkaa unaowaka penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hushika damu kwa nguvu kuliko oksijeni, na aliyelala huendelea kulala. Katika jiko lake la zamani moshi ulipenya kwenye nyasi na hewa ikaingia. Katika nyumba yangu ya kisomi haikuwapo njia.

Nilipofika Njombe, mama alikuwa ameketi juani amejifunika blanketi. Nilimwamkia, "Kamwene," akaitikia, akanitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, nyumba yako nzuri, lakini ni ya kutazamwa. Mimi nilitaka ya kulala."

Tangu hapo nimejilazimisha kujifunza yale niliyoyadharau. Tumbi iko chini ya mita 200 kutoka usawa wa bahari. Njombe mjini inakaribia mita 2,000. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Huku pwani hewa ina unyevu na usiku hauleti nafuu kubwa, kwa hiyo kinachomstarehesha mtu ni kivuli na upepo unaokausha jasho: upenu mpana, madirisha yanayoelekeana, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni likute kuta fupi. Nyanda za juu zinadai kinyume chake: kuta nene, dari, madirisha ya kiasi yanayotazama kaskazini, ambako jua hukaa mwezi Juni na Julai, na meko yenye dohani ya kutolea moshi. Dodoma nayo ina hoja yake. Mchana ni mkavu na wa moto, usiku hupoa, na ndiyo maana tembe la Wagogo, lenye udongo mzito ukutani na juu, lilichelewesha joto la mchana lisiingie upesi. Hao wote walikuwa wasanifu majengo, ila hawakuwa na mihuri.

Sisemi turudi kwenye nyasi. Nyasi huvuja, huungua, na siku hizi hazipatikani kirahisi. Bati humpa mama yangu maji ya mvua na kumwondolea kazi ya kuezeka upya. Kosa langu halikuwa bati. Kosa lilikuwa kuamini kwamba nyumba ni picha, na kwamba picha hiyo ni moja popote ulipo.

Katika hili sikuwa peke yangu, wala si wa kwanza. Mwaka 1977, alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba watu wameng'ang'ania saruji na bati kana kwamba bila hivyo hakuna nyumba, huku udongo wa kuchoma matofali na vigae ukiwa chini ya miguu yao. Aliuona kuwa ni ugonjwa wa fikra. Wazee wetu waliiita saruji udongo ulaya, na jina hilo linaeleza mengi. Mimi huwafundisha wanafunzi habari za kasumba kila mwaka; sikujua kwamba nimeiezeka juu ya kichwa changu.

Nawageukia sasa ninyi mlio katika utumishi wa umma. Kwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa wakati wa UVIKO-19, taifa letu lilijenga madarasa 15,000. Ni kazi kubwa, na aliyesomea chini ya mwembe haidharau. Lakini wewe uliyekagua madarasa huku Pwani na kule Makete, je, uliona tofauti yoyote ya paa, dirisha au ukuta? Ramani ya mfano huokoa muda na huzuia wizi. Hata hivyo mtoto wa Kibaha anayesinzia saa saba mchana na mtoto wa Makete anayetetemeka saa mbili asubuhi wanalipa gharama ambayo haimo katika hesabu za mkaguzi. Tunao watafiti wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi. Hatukosi pa kuuliza. Ramani tatu au nne za mfano, kwa pwani, nyanda kavu, kanda ya ziwa na nyanda za juu, hazitaifilisi nchi.

Mimi nimeanza kwangu. Njombe tumeweka dari ya mbao na kujenga meko yenye dohani. Mama sasa analala nyumba kubwa, ingawa mlango hukataa kuufunga kabisa, na simlaumu. Hapa Tumbi nimepanda miti upande wa magharibi, na mwezi ujao fundi atakuja kutoboa ukuta wa chumba changu ili dirisha lipate mwenzake. Nimemwomba bibi jirani aje siku hiyo, atuoneshe upepo unapitia wapi.