Deni la Nyumba na Likizo ya Watoto

Msomaji wangu, yamkini nyumba utakayolala usiku wa leo haijawa mali ya wazazi wako bado. Mlango wake wanaufungua kwa ufunguo wao, kuta zake wamezipaka rangi waipendayo, na majirani huitaja kwa jina lao; walakini hati yake imefungiwa katika kabati la benki, nayo haitatoka humo mpaka shilingi ya mwisho ilipwe. Hali hiyo ndiyo iitwayo rehani. Katika Kenya watu waliokopa benki kwa namna hiyo si wengi: mwaka 2020 mikopo ya rehani katika mabenki yote ya nchi haikutimia 30,000. Lakini wanaojenga kwa mikopo ya vyama vya akiba, au wanaonunua kiwanja kwa malipo ya kila mwezi, ni wengi mno, na maneno yangu yanawahusu hao pia.

Nawaandikia vijana kwa sababu ninyi ni watu wa nyumba hiyo. Hamkutia sahihi mkataba, lakini mnaulipa pamoja na waliotia sahihi, kwa viatu vinavyongoja mwezi ujao na safari zisizofanywa. Ni haki yenu kujua mnalipa nini.

Mimi ni mwalimu, na mwalimu hawezi kupita penye hesabu bila ya kuiandika ubaoni. Chukua mkopo wa shilingi 2,000,000, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, ulipwe kwa miaka 15. Malipo ya kila mwezi yatakuwa shilingi 24,003. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni shilingi 20,000, maana ndiyo asilimia 1 ya milioni mbili. Basi katika shilingi 24,003 zilizotoka nyumbani kwa taabu, deni lenyewe limepungua kwa shilingi 4,003 tu! Mwezi wa pili riba huhesabiwa juu ya deni lililobaki, nalo limebaki karibu lote. Ndivyo mambo yaendavyo, riba ikipungua polepole kama maji ya bamvua yanayotoka, hata miaka 15 itimie, na mkopaji awe amelipa kiasi cha shilingi 4,320,000 kwa milioni mbili alizopewa.

Sasa ongeza shilingi 5,000 juu ya malipo ya kila mwezi. Hizo hazigawanywi na riba. Zote huangukia deni lenyewe, na deni likipungua riba ya mwezi ujao nayo hupungua. Mkopo uliokuwa wa miezi 180 utakwisha mwezi wa 118. Umepata miaka mitano na miezi miwili ya uhuru, na riba uliyoiepuka yapita shilingi 900,000. Mtu aliyeiona hesabu hii mara moja hawezi kuisahau. Mume wangu hakuisahau.

Kabla ya kufika kwake, niseme machache ambayo mkopaji hupaswa kuyajua. Nyongeza hiyo isipelekwe kimya kimya: benki iandikiwe barua kwamba fedha hizo ni za kupunguza deni lenyewe, la sivyo zaweza kuhesabiwa kuwa ni malipo ya mwezi ujao yaliyotangulia, na faida yake ikapotea. Mkataba nao usomwe, kwa kuwa ipo mikataba inayotoza ada kwa anayelipa kabla ya wakati. Tena riba yenyewe aghalabu haikai mahali pamoja. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa na kiwango cha asilimia 7 mwanzoni mwa mwaka 2022. Kufikia Februari 2024 kiwango hicho kilikuwa asilimia 13, na mabenki yakapandisha riba zao. Kwa mtu anayedaiwa shilingi 1,800,000, kila asilimia moja inayoongezeka ni shilingi 18,000 kwa mwaka. Kiwango kilianza kushuka tena Agosti 2024, lakini miezi ile michungu ilikuwa imekwisha kulipiwa.

Jambo jingine ni hili: fedha ulizozitanguliza benki hazirudi. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, sisi tulioajiriwa na serikali tuliendelea kupata mishahara. Jirani yetu mmoja alikuwa akifundisha katika shule ya kibinafsi, naye mshahara wake ulikatika. Alikuwa mlipaji hodari. Kila alichobakisha alikipeleka kwenye deni, na deni lake lilikuwa limepungua vizuri. Lakini sufuria haipikwi karatasi ya benki. Aliuza makochi, kisha jokofu, na mwezi wa sita benki ikaja kumwuliza malipo ya mwezi kama kwamba hakutanguliza kitu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato ya mshahara yapite theluthi mbili, ili mfanyakazi aende nyumbani walau na theluthi moja. Naiona sheria hiyo kuwa na busara kuliko watu wengi wenye haraka ya kumaliza deni.

Nyumba yetu iko Athi River. Ina vyumba viwili vya kulala na ua ambao kuku wanne huuona kuwa mkubwa. Tulitia sahihi mwaka 2019, kwa miaka 15, kwa mkopo usio mbali na huo wa ubaoni, na kila mwezi tukaongeza shilingi 5,000. Tuna watoto watatu. Siku ya kutia sahihi binti yetu wa kwanza alikuwa na miaka mitano. Alipokuwa na miaka kumi aliiona taarifa ya benki mezani, akasoma mwaka 2034, akahesabu kwa vidole na kusema, “Kumbe deni likiisha nitakuwa na miaka ishirini.” Hakulalamika. Alisema kama mtu asemaye kwamba kesho ni Jumanne, kisha akarudi kwenye kazi yake ya shule.

Neno hilo lilinikaa moyoni. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba deni ni kitu kimoja na utoto wa wanangu ni kitu kingine. Deni likiondoka, tutaketi na watoto, tutatembea nao, tutawapeleka kwa bibi yao. Lakini miaka ya deni ndiyo miaka hiyo hiyo ya utoto. Hakuna mingine iliyowekwa akiba. Hata kwa nyongeza ile, mkopo wetu ungekwisha binti akiwa kijana wa sekondari kama wewe, msomaji. Na kijana wa sekondari ana marafiki zake na mambo yake, wala hapandi tena mgongoni mwa baba yake kutazama tembo.

Mwaka ule wa 2024 mambo mawili yalikutana. Benki ilituletea barua ya kupanda kwa riba, na chama chetu cha akiba na mikopo kikatupa gawio la shilingi 46,000. Mume wangu ni muuguzi, mtu mpole, lakini katika neno la nyumba hana upole. Alitaka gawio lote liende benki, na likizo ya Agosti tuipitishe nyumbani kama tulivyoipitisha zile zilizotangulia. Mimi nilitaka twende Likoni kwa mama yangu. Mama macho yake yamefifia, na mwanangu wa mwisho alikuwa akimjua bibi yake kuwa ni sauti inayotoka katika simu.

“Mwalimu,” akaniambia, “deni halina likizo.”

Nikamjibu, “Baba, mama yangu naye hana miaka kumi na mitano ya kungoja.”

Usimhukumu mume wangu kwa haraka. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, baba yake alichelewesha kodi ya chumba miezi miwili, na mwenye nyumba akaja mchana na fundi, akaung'oa mlango akaondoka nao. Usiku ule walilala wakizuia upepo kwa godoro, na mama yake akakesha ameketi mahali palipokuwa mlango. Mtu aliyelala namna hiyo akikuambia kwamba anataka hati ya nyumba yake, usimwite bahili. Ninyi ambao baba zenu huonekana wakali katika mambo ya fedha, pengine wapo walioona mlango ukichukuliwa, wala hawajawasimulia.

Siku mbili hatukuzungumza ila juu ya chumvi na sabuni. Siku ya tatu nilichukua daftari, nikafanya hesabu niliyopaswa kuifanyia kazi kabla ya maneno. Badala ya kuuliza kama likizo ni nzuri au mbaya, niliuliza bei yake ni nini katika miezi. Rudi nami ubaoni. Mkopo ule wa 2,000,000, nyongeza ikipunguzwa kutoka shilingi 5,000 hadi 3,000, hauishi tena mwezi wa 118 bali mwezi wa 136. Shilingi 2,000 kwa mwezi ni 24,000 kwa mwaka, nazo zatosha kuipeleka jamaa ya watu watano pwani mara moja na kuirudisha. Bei ya safari hizo zote, kwa muda wote wa deni, ni kuchelewa miezi 18, na riba zaidi kiasi cha shilingi 250,000. Si bei ndogo, wala sikumficha. Nilimwekea daftari karibu na chai yake, nikatoka nje kuwapa kuku maji.

Aliitazama hesabu muda mrefu. Kisha akaniita, akasema kwamba miezi kumi na minane ataivumilia, lakini ana masharti: gawio la kila mwaka liende benki lote, safari isikopewe hata senti, na akiba ya miezi mitatu ya matumizi isiguswe kwa ajili ya likizo wala kwa ajili ya deni. Niliyakubali yote, na lile la tatu nililipenda kuliko mengine.

Sharti la kutokukopa nalisifu hasa, kwa kuwa siku hizi mkopo umo ndani ya simu, na vidole vikibonyeza mara tatu fedha zimefika. Wapo wanaokwenda pwani Desemba kwa fedha hizo, wakapiga picha nzuri, na Januari karo ya shule inawakuta wakikimbia simu zao. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Tena likizo si lazima iwe ya hoteli. Katika lugha ya matangazo likizo maana yake ni kitanda cha mtu mwingine na bwawa la kuogelea. Sisi wengine tuliolelewa na shangazi na mabibi twajua kwamba mkeka hutosha.

Tulipanda garimoshi. Nauli ya mtu mzima katika daraja la kawaida, kutoka Nairobi hadi Mombasa, ilikuwa imepanda Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na mume wangu hakuacha kuitaja mpaka tulipoingia Tsavo. Hapo udongo mwekundu ulianza, na tembo wenye rangi ya udongo ule wakaonekana kwa mbali, naye akanyamaza akampandisha mdogo mgongoni ili aone vizuri. Kivuko cha Likoni hakimtozi nauli aendaye kwa miguu. Watoto walipotambua kwamba chombo kikubwa namna ile ni cha bure, walitaka tuvuke, turudi, tuvuke tena. Tukavuka mara tatu, tukiwa na mizigo kichwani, na watu wakitucheka.

Kwa mama tulikaa siku tisa. Siku ya kwanza alimwambia binti yangu, “Mjukuu wangu, niletee mbuzi,” na mtoto akatoka uani kumtafuta mnyama, ilhali mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa imeegemea ukuta mbele ya macho yake. Kabla ya kuondoka alikuwa ameketi juu yake akikuna nazi mbili bila ya kujikata. Mdogo alikwenda ufukweni kila maji yalipokupwa. Mama hakuweza kumwona sura yake sawasawa. Alimpapasa paji la uso, pua na kidevu, akasema amefanana na marehemu babu yake, na tangu hapo mtoto akawa anampelekea uso kila asubuhi bila ya kuitwa. Mume wangu, ambaye kukaa bure humchosha, alitengeneza bawaba za mlango wa jikoni, akaupiga randa ukawa unafunga vizuri.

Tulikwenda tena mwaka 2025. Daftari sasa liko mikononi mwa binti yangu, kwa maana hesabu zake ni safi kuliko zangu na hana huruma. Kila mwisho wa mwezi huandika mistari mitatu: wa benki, wa nyongeza, na wa Likoni. Mwezi uliopita mstari wa Likoni ulipunguka shilingi 600 kwa ajili ya dawa ya kikohozi cha mdogo wake, naye ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu, pamoja na jina langu, kwamba zirudishwe kabla ya Agosti.