Kabla ya Kumwita Mzembe

Mvua za Dodoma zikishakatika mwezi Aprili au Mei, hatuzitarajii tena hadi Novemba au Desemba. Hapo katikati ni upepo na vumbi jekundu. Tena tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huku, na ujenzi ukashika kasi hadi Mtumba, vumbi limepata msaidizi. Unafuta meza asubuhi. Saa sita unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole.

Mimi naendesha stesheneri, na kazi hiyo imenifundisha kwamba vumbi likiingia ndani ya kompyuta ya mezani halianzi na moshi wala cheche. Huanza na uzito. Mteja amesimama, ripoti yake ya chuo inatakiwa kabla ya saa kumi, na mashine inafungua faili moja utadhani inaombwa mkopo. Kila aliyepo ana hukumu: imezeeka, ina virusi, nunua nyingine. Kwamba asubuhi mashine hiyohiyo ilikuwa inakimbia vizuri, hakuna anayejiuliza.

Fundi ndiye aliyejiuliza. Aliitoa nje, akafungua ubavu wa keisi, akamulika kwa tochi ya simu. Mapezi ya alumini yaliyo juu ya prosesa yalikuwa yameziba. Feni pekee ya nyuma, ndogo, ilipiga kelele nyingi na kutoa upepo kiduchu. Kabla ya kupuliza kwa blowa aliishika kwa kidole, isije ikazungushwa kwa nguvu na kuharibika. Kisha akafunga feni mbili za milimita 120, moja mbele, ya kuvuta hewa, nyingine nyuma, ya kufukuza joto, akifuata mshale uliochongwa kwenye fremu. Feni pana husukuma hewa nyingi kwa mizunguko michache, ndiyo maana duka lilitulia. Mbele akaweka wavu wa kuzuia vumbi, wa kuoshwa mara kwa mara.

Alichonieleza ndicho kilichonikaa. Prosesa imeundwa ijilinde: joto lake likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, hupunguza kasi yenyewe ili isiungue, na likizidi mashine hujizima. Kumbe tulichokiita uzee kilikuwa kujinusuru. Na feni haitengenezi baridi. Inaingiza hewa ya chumbani na kutoa ya moto, basi. Chumba chenyewe kikiwa tanuri la Novemba, hata ufunge feni kumi, mashine haitapoa kuliko chumba hicho.

Tangu hapo nimekuwa mgumu kumwita mtu mzembe. Binti anayenichapia kazi alikuwa mwepesi asubuhi, ikifika saa nane anakosea hata maneno mafupi. Nilipokaa kwenye kiti chake mchana mmoja nikaelewa: bati liko juu ya kichwa, mashine ya fotokopi inapuliza joto ubavuni. Tulihamishia meza yake dirishani, na makosa yakapungua. Mji huu una wengi wa namna yake: mtumishi aliyehamishiwa hapa huku familia imebaki Dar es Salaam, analipa kodi mbili kwa mshahara mmoja; mwanafunzi anayesoma usiku, na mchana anahangaikia ada. Tunawaona wazito, tunakimbilia kuwalaumu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wazembe wapo, kama zilivyopo kompyuta zilizokufa kweli. Lakini huwezi kuzitofautisha ukiwa umesimama nje ya keisi. Kwa hiyo, wewe mwenye watu chini yako, ofisini, dukani au nyumbani, kabla hujaandika barua ya onyo au kutafuta wa kumbadili, nenda ukakae pale anapokaa, saa ileile anapoanza kuchelewa. Uliza kinachomzidi, na umfungulie njia ya kukitoa.