Wazee wa Göppingen na Treni Zao Ndogo

Ukitoka mji wa Stuttgart, kusini mwa Ujerumani, ukapanda treni ya kwenda mashariki, reli itakupitisha katika bonde la mto Fils. Utaona viwanda vya zamani, minara ya makanisa, na mitofaa iliyopandwa kwenye miteremko. Mkono wa kushoto kitajitokeza kilima kimoja kilichochongoka, kiitwacho Hohenstaufen. Hata saa moja haijatimia, utakuwa umefika Göppingen.

Ni mji wa wastani wenye wakazi wasiofika 60,000. Una soko, una hospitali, una akina mama wanaosukuma vigari vya watoto wakienda kununua mkate. Mgeni anaweza kuupita bila kugeuza shingo. Lakini wazee wengi wa Kijerumani ukiwatajia jina la Göppingen, utawaona wanatabasamu. Huu ndio mji wa kampuni ya Märklin, na Märklin ni treni za kuchezea.

Nilifika huko mwezi wa Oktoba kwa mwaliko wa familia moja. Mama wa nyumba ile aliwahi kufanya kazi ya uuguzi Moshi, na Kiswahili chake hakijapotea. Ndiye aliyenitafsiria mengi ya haya nitakayowasimulia. Mume wake ni mwalimu mstaafu wa hesabu, naye ni mpenzi wa treni ndogo tangu utotoni.

Kazi iliyoanzia jikoni

Akina mama wenzangu mtafurahi kusikia kwamba kazi hii ilianzia jikoni. Mwaka 1859 fundi bati mmoja wa Göppingen, Theodor Märklin, alianza kutengeneza vyombo vidogo vya jikoni vya bati, vya kuwekwa katika nyumba za wanasesere. Mkewe, Caroline, ndiye aliyefunga safari za kuviuza, akizunguka kusini mwa Ujerumani hadi Uswisi, katika siku ambazo mwanamke kusafiri kwa biashara lilikuwa jambo la kushangaza watu.

Mwaka 1866 mumewe alifariki. Caroline hakufunga duka. Aliishikilia biashara ile huku akilea watoto, mpaka wanawe walipoichukua mwaka 1888. Miaka mitatu baadaye, yaani 1891, walipeleka kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig treni ya kujaza ufunguo pamoja na reli zenye vipimo maalumu vya kuunganishika. Mzazi aliweza kununua treni na duara la reli mwaka huu, Krismasi ijayo akaongeza stesheni, na ya mwaka mwingine akaongeza daraja. Ulikuwa mtindo uleule wa jiko la mwanasesere: leo sufuria, kesho bakuli.

Watoto wale walikua, wakawa baba na babu, na wengi wao hawakuziacha treni zao. Kipimo kinachopendwa zaidi siku hizi ni cha moja kwa 87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87. Reli ya kawaida ya Ulaya yenye upana wa milimita 1,435 inakuwa na milimita 16.5. Mtu mwenye kimo cha sentimita 174 anabaki na sentimita 2. Hebu fikiri kazi ya kumpaka rangi mama wa sentimita mbili, na kikapu chake mkononi!

Kazi hiyo ndiyo niliyomkuta bwana mwenyeji akiifanya katika chumba cha chini ya nyumba. Juu ya meza kulikuwa na kibano, kioo cha kukuzia, gundi, na brashi yenye nywele chache tu. Aliniambia kwamba kichwa kimoja kizuri cha treni huweza kugharimu mamia ya Euro. Mkewe alikohoa kidogo. Nilielewa kwamba jambo hilo lina historia yake katika nyumba ile, na nitalirudia.

Jumamosi ukumbini

Jumamosi tulikwenda mji mdogo wa jirani, ambako ukumbi wa michezo wa shule ulikuwa umekodiwa kwa siku mbili. Walikusanyika watu kama arobaini, wengi wao wanaume wenye mvi, pamoja na vijana wachache na akina mama wachache. Walikuwa wakifuata utaratibu wa chama kiitwacho FREMO, kilichoanzishwa mwaka 1981, chenye wanachama katika nchi nyingi za Ulaya.

Utaratibu wenyewe unapendeza. Hakuna mtu mwenye reli nzima. Kila mmoja hutengeneza kwake nyumbani kipande kimoja au viwili, kama sanduku refu la plaiwudi lenye miguu, na juu yake huweka reli na mandhari. Siku ya mkutano vipande huletwa kwa gari na kuunganishwa kwa skrubu, mpaka njia inazunguka ukumbi mzima na kuchepukia pembeni.

Katikati ya kipande chako una uhuru wako. Mmoja alikuwa ameweka shamba la viazi na ng'ombe wanne. Mwingine alitengeneza kiwanda cha mbao chenye magogo ya vijiti vya kweli. Lakini kwenye miisho huna uhuru. Reli sharti iwe mita 1.3 kutoka sakafuni, ubao wa mwisho uwe na umbo lililokubaliwa, na nyaya ziunganike na za jirani. Ukikosea milimita moja tu, treni ya mwenzako itaanguka inapoingia kwako.

Bwana mwenyeji alinionyesha mahali pa kuungana kwa kidole. "Hapa ndipo urafiki wetu unapopimwa," alisema huku akicheka. Kweli, asubuhi nzima niliona wazee wamepiga magoti chini ya meza, mmoja ameshika tochi, mwingine anazungusha skrubu, wa tatu anasema, "Pandisha kidogo. Kidogo tena. Basi!"

Mchana treni zilianza kazi, nasema kazi kwa sababu hazizunguki ovyo. Kuna ratiba iliyochapwa. Kila stesheni ina stesheni masta wake na simu yake, na treni haiondoki mpaka masta wa mbele amekubali kuipokea. Kila behewa la mizigo lina karatasi yake inayosema limebeba nini na linakwenda wapi. Saa ya ukumbini hukimbizwa mara nne kuliko saa ya kawaida, hivyo siku nzima ya reli huisha kwa saa sita.

Mjukuu wa mwenyeji wetu, mtoto wa miaka minane, alipewa treni moja ya mizigo kuiendesha kwa kidude cha mkononi. Alikuwa mzito wa kusoma shuleni, bibi yake aliniambia. Lakini siku ile alizisoma karatasi zote za mabehewa yake, moja baada ya moja, kwa sababu bila kusoma asingejua makaa yateremshwe wapi. Hakuna mzee aliyemharakisha. Treni tatu zilisubiri mpaka amalize.

Maongezi yao

Ujerumani watu wasiozoeana huitana Bwana Fulani na Bibi Fulani, tena kwa miaka. Wapenzi wa treni hawafanyi hivyo. Katika ukumbi ule daktari, dereva wa lori na fundi bomba waliitana majina yao ya kwanza kama ndugu waliolelewa pamoja.

Na wanaongea! Nilikuwa nimeambiwa kwamba wanaume wa huko ni wakimya. Nilikaa kwenye meza ya kahawa na keki ya tofaa, mwenyeji wangu akanitafsiria polepole.

"Mti wako ule unafanana na kabichi," mmoja alisema.

"Ni kabichi. Mke wangu aliniambia nilime kitu kinacholiwa."

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kutoka kwenye kabichi wakaingia kwenye nyanya zilizooza kwa mvua, kutoka nyanya wakaenda kwenye nyonga ya mmoja wao iliyofanyiwa upasuaji, kisha binti wa mwingine aliyeachwa na mumewe na kurudi nyumbani na watoto wawili. Habari hii ya mwisho ilisemwa na baba yake huku ameinamisha kichwa, anasugua reli kwa kitambaa. Hakumtazama mtu, wala hakuna aliyemtazama. Mwenzake mmoja alichukua kitambaa kingine akaanza kusugua upande wa pili. Baada ya muda akauliza, "Watoto wana vitanda? Mimi ninavyo viwili juu ya dari." Mambo yakaishia hapo, na vitanda vikapelekwa Jumatatu.

Stesheni ya mjane

Kulikuwa na mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, aliyesimamia stesheni ya njia panda. Nyuma ya stesheni yake palikuwa na nyumba ndogo, na uani kamba ya nguo. Shuka, taulo na nguo za mtoto zilizoanikwa pale zilikatwa kutoka leso, kila moja haizidi ukucha.

Mkewe ndiye aliyezikata. Alifariki, na mzee yule akaacha kuja. Mwaka mzima alibaki nyumbani, mapazia yamefungwa. Rafiki zake walimpelekea pole, wakampelekea chakula, akawashukuru mlangoni na kufunga mlango.

Ulipokaribia mkutano wa mwaka uliofuata, wawili kati yao walimwendea na gari la mizigo. Hawakumwambia aje kuchangamka. Walisema, "Tumekuja kuchukua stesheni yako. Bila njia panda yako treni za kaskazini haziendi." Akawaambia waichukue. Wakajibu kwamba swichi zake hakuna anayezijua isipokuwa yeye. Mzee alisimama kidogo, kisha akaenda kutafuta koti.

Siku ile ya kwanza, mwenyeji wangu anasema, hakusema lolote ila maneno ya kazi kwenye simu: treni ya saa nne imefika, njia ya pili iko wazi. Jioni watu walipokuwa wanafungua skrubu, alianza mwenyewe kusimulia wiki za mwisho za mkewe. Walimsikiliza huku wakikunja nyaya. Tangu hapo hajakosa mkutano. Kamba ile ya nguo hufutwa vumbi na yeye peke yake, kwa brashi laini, kabla treni ya kwanza haijaondoka.

Mke mwenza wa chini

Sasa nirudi kwenye kile kikohozi. Usiku tulipokuwa tunaosha vyombo nilimuuliza mwenyeji wangu, "Dada, wewe hukuchukia treni hizi?"

"Nilizichukia sana," alisema. "Alipostaafu alishinda chini asubuhi mpaka jioni. Nikaziita mke mwenza. Halafu nikakuta risiti."

Waligombana, akaniambia, tena si mara moja. Mwishoni walikaa wakaandika makubaliano. Kila mwezi kiasi fulani cha fedha huingia kwenye kopo la treni, na kopo likiisha hakuna kukopa. Yeye naye ana kopo lake la kwaya na bustani. Saa kumi na mbili na nusu jioni bwana hupanda kula, hata gundi ikiwa haijakauka. Jumapili mchana ni ya wajukuu.

"Lakini kilichobadilisha mambo," alisema, "ni siku nilipoteremka na sufi yangu ya kufuma. Nilikuwa nimechoka kukaa peke yangu juu. Hakuninyanyua, wala mimi sikumsemesha. Baada ya nusu saa, akiwa ameinamia waya wake, aliniambia jambo la mtoto wetu mkubwa ambalo alikuwa amelibeba miaka miwili. Mezani nilikuwa nimemuuliza mara ngapi! Uso kwa uso hakuweza." Tangu siku ile anateremka mara mbili kwa wiki. Bwana amemtengenezea rafu ya kuwekea nyuzi zake.

Kama utafika Ujerumani

Msomaji atakayejaliwa kufika Göppingen anaweza kutembelea makumbusho ya kampuni, Märklineum. Aliye kaskazini aende Hamburg, kwenye ghala za zamani za bandari, ambako ndugu mapacha Frederik na Gerrit Braun walifungua Miniatur Wunderland mwaka 2001. Ni miji na milima ya kipimo kile cha moja kwa 87, na kila baada ya muda mfupi taa za ukumbi hupungua, usiku ukaingia, madirisha madogo yakawaka. Watoto hawatataka kutoka. Akina baba pia.

Na usiyesafiri, mama mwenzangu, huenda mume wako hana treni. Pengine ana bao analochonga, kuku anaowahesabu kila jioni, au redio mbovu anayoifungua na kuifunga miaka mitatu sasa. Mambo ya fedha na muda yazungumzeni wazi na muafikiane, kama walivyofanya wenzetu. Halafu jioni moja chukua kigoda na mchicha wako wa kuchambua, ukae pale karibu naye. Usiulize kitu. Chambua mchicha wako.