Koko, hii ni moja ao ni L?

Nataka kuwasimulia aibu iliyonipata mwaka wa 2017, katika shule moja ya msingi ya hapa Bukavu. Mimi nilikuwa karani wa shule hiyo tangu mwaka wa 1974, na siku hizo za aibu nilikuwa na miaka 67. Zamani sisi tuliojua kupiga mashini ya kuandika hatukuwa wengi. Mtu akipita karibu na dirisha langu na kusikia ile kengele ndogo ya mwisho wa mstari, alijua karani yuko kazini. Nilipiga barua kwa vidole kumi bila kutazama mikono. Wadirektere walikuja wakaenda, mimi nikabaki na mashini yangu. Sisemi hivi kwa kujisifu (labda kidogo), lakini mpate kufahamu nilianguka toka wapi.

Mwaka ule wanafunzi wa zamani walituletea ordinatere mbili, ile mashini ambayo wengine huiita kompyuta. Direktere akaniita: « Mzee, nakili humo mabuku yote ya kuandikisha watoto, tangu mwaka wa 1960. Mchwa wanayamaliza. » Ni kweli, mchwa walikuwa wanayamaliza. Nikajibu ndiyo. Sikumwambia kwamba sikujua hata pahali pa kuiwasha.

Mwalimu mmoja kijana alinionyesha kazi kwa muda wa nusu saa, upesi upesi, kama mtu anayefukuza nzi. Hapa unaandika jina, hapa jina la baba, hapa jina la mama, hapa mwaka wa kuzaliwa, hapa mwaka wa kuingia shuleni. Basi, akaenda darasani. Yeye mwenyewe alinakili kurasa chache jioni, na zilizobaki zote nilizinakili mimi.

Nilipata taabu ambayo watoto hawawezi kuifahamu. Mwishoni mwa mstari nilingojea kengele, na kengele haikulia. Mkono wangu wa kushoto uliinuka wenyewe, ukatafuta kile chuma cha kurudisha karatasi, ukashika hewa. Umeme ulipokatika, kazi ya asubuhi nzima ilipotea, maana sikujua kuihifadhi. Niliianza tena bila kumwambia mtu. Mara tatu nilifanya hivyo.

Nyumbani kwangu mlikuwamo msaada, lakini nilikuwa nimeukataa. Mjukuu wangu, binti wa miaka 11, aliniona jioni moja nimeshika kichwa. Akasema: « Koko, nije nikuonyeshe? » Nikamjibu vibaya: « Mimi ndimi niliyemfundisha mama yako kusoma. Wewe utanifundisha nini? » Akanyamaza, akaenda kuosha vyombo. Mke wangu alinitazama, naye hakusema neno. Kunyamaza kwake nakufahamu tangu miaka mingi.

Ndipo akafika mama mmoja kutoka Uvira. Alikuwa amepita njia ya Ngomo, ile inayotisha hata mashoferi, na vumbi la safari lilikuwa bado kichwani mwake. Alikuwa mwalimu, naye alitaka kutengeneza karatasi zake za pansioni. Walikuwa wamemwomba ushahidi wa shule aliyoanzia. « Papa karani, mimi nilisoma hapa. Niliingia mwaka wa 1963. »

Nilichukua kadi yake ya uchaguzi, nikanakili majina yake na jina la baba yake juu ya kipande cha karatasi. Nikayaandika katika ordinatere. Hakuna. Nikatafuta mwaka wa 1963. Yakaja majina 14, na la kwake halimo. Nikamwambia: « Mama, mashini inasema haumo. »

Akasema: « Lakini nilisoma hapa. Darasa letu lilikuwa pale, karibu na mti wa avoka. »

Nikarudia: « Mashini inasema haumo. »

Mabuku yalikuwa kabatini nyuma yangu, hatua mbili tu. Sikuyafungua. Miaka zaidi ya arobaini mtu akiniuliza habari, nilifungua buku. Siku ile, kwa kuwa nilitaka kuonekana mtu wa leo, nilitazama kioo, wala sikumtazama yule mama usoni. Aliketi kidogo kwenye banki ya nje, akajifuta macho kwa kitenge, akaenda zake. Hata namba yake ya simu sikumwomba.

Usiku sikulala vizuri. Ule mti wa avoka ulikatwa nikiwa karani kijana. Ni nani angeweza kuujua kama hakusoma pale?

Jumamosi, kabla ya watu kuamka, nilimwita mjukuu wangu. Nikamwambia: « Twende shuleni. Leo wewe ndiwe mwalimu. » Hakucheka, na kwa hilo ninamshukuru mpaka leo. Aliketi kwenye kiti changu, miguu haikufika chini. Akapitisha macho juu ya kazi yangu, akakaribisha uso kwenye kioo, akauliza: « Koko, hii ni moja ao ni L? »

Nilimweleza. Mashini yangu ya zamani haikuwa na kifungo cha namba 1. Mashini nyingi za siku zile zilikuwa hivyo. Tulifundishwa kupiga herufi ndogo ya L mahali pake, na juu ya karatasi hakuna aliyeona tofauti. Vidole vyangu viliendelea na desturi yao. Miaka yote niliyoinakili, mamia na mamia, ilianza kwa L. Jicho la mtu linasoma 1963, lakini ordinatere inaona herufi, nayo haina huruma ya kukisia. Yale majina 14 yalikuwa yale tu aliyoyanakili mwalimu kijana.

Akasema: « Si kitu, Koko. Tunabadilisha zote mara moja. » Akafinya. Ee, balaa! Kila L katika buku zima iligeuka kuwa 1, hata katika majina ya watu. Mimi nilisimama, mikono kichwani. Yeye alicheka, akafinya tena, yote yakarudi kama mbele. Kisha akachagua safu za miaka peke yake, akabadilisha vizuri.

Hapo nikaona jambo ambalo wazee wenzangu tunalikosa. Tunasema watoto wana akili nyepesi. Labda. Lakini yule mtoto alikosa kama mimi, na kosa lake lilikuwa kubwa kuliko langu. Tofauti ni kwamba hakuogopa, maana alijua njia ya kurudi nyuma. Sisi tulijifunza kwenye mashini ambayo kosa moja liliharibu karatasi ya juu na kopi zote chini yake, na mkubwa wa biro aliona yote. Woga ule tuliuweka vidoleni.

Wala si umri peke yake. Padri Roberto Busa, Mjesuiti wa Italia aliyezaliwa mwaka wa 1913, alikwenda New York mwaka wa 1949 kuomba msaada wa IBM ili kupanga maneno yote ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Kazi ile ilikula miaka kama 30, ikajaza mabuku 56, naye alizeeka pamoja na zile mashini mpaka kufa kwake mwaka wa 2011.

Turudi kwa yule mama. Sasa mwaka wa 1963 ulionyesha watoto 61, lakini jina lake bado halikuonekana. Mjukuu wangu akasema: « Koko, basi hakusoma hapa. » Nikamwambia: « Ngoja. Sasa ni zamu yangu. » Nikamweleza habari za mwaka wa 1972, Rais Mobutu alipokataza majina ya Kikristo, na watu wote wakachukua majina mengine, hata mimi. Alifungua kinywa: « Wote? Hata watoto? » Wote. Tukatafuta kwa jina la baba. Akatoka palepale: jina la ubatizo, kuzaliwa mwaka wa 1956, kuingia mwaka wa 1963. Nikafungua buku kabatini. Alikuwamo, wino wa buluu, na mchwa walikuwa wamebakiza upana wa kidole kufika kwenye mstari wake.

Nilituma habari kwa mashoferi wa Uvira, maana sikuwa na njia nyingine. Zilipita juma tatu. Alipofika nilimwomba radhi mbele ya direktere, nikamwandikia cheti. Akakisoma mara mbili, akauliza kama ninaweza kuongeza pia jina lile la zamani. Nililiongeza, nikapiga muhuri.

Vidole vyangu bado vinakwenda kwenye L. Mjukuu wangu alileta rangi nyekundu ya makucha ya mama yake, akaweka tone moja juu ya kifungo cha 1.