Usitazame Rangi Kwanza

Mpwa wangu anatumika katika garaji moja kule Ubelgiji. Mwezi uliopita alinitumia picha kwa simu: Jaguar E-Type ya mwaka 1964, nyekundu, inang'aa kama sahani mpya, inauzishwa. Tangazo linasema imetengenezwa upya yote. Patron wake anamtuma aende kuitazama, na kwa neno lake ndipo patron atatoa franga ao ataziacha. Basi ananiuliza: «Mujomba, nitazame nini?» Anajua vile nimegonga mabati ya motokari miaka zaidi ya 20 hapa Likasi.

Ujue kwanza motokari yenyewe. Ilionyeshwa Geneva mwezi wa Machi 1961. Watu waliotaka kuijaribu walikuwa wengi mpaka dereva wa kampuni, Norman Dewis, akaleta ya pili kutoka Coventry, Uingereza, akiendesha usiku kucha. Bei yake ilikuwa pauni 2,100 hivi, na kampuni ilisema inakimbia kilometa 240 kwa saa. Mpaka kufika 1974 walitengeneza zaidi ya 70,000. Kwa hiyo si kitu cha pekee sana, hata kama wauzishaji wanapenda kusahau hesabu hiyo!

Ubaya wake ni kutu. Haina shasi nzima chini yake. Nguvu ya bodi iko katika mabati marefu ya chini ya milango. Yakioza, motokari yote inalegea. Kule mbele, motere imebebwa na bomba za chuma za pembe nne, zimefungwa kwa bulo. Hizi zinaoza kwa ndani, na kwa inje unaona rangi nzuri tu. Nikamwambia: beba sumaku, uifunge katika kitambaa isikwaruze, uipitishe chini ya milango na pembeni ya magurudumu. Pahali inakataa kushika, pale wameweka mastiki nene. Kisha fungua na funga milango yote miwili pole pole. Kama walisoda bila kutegemeza bodi vizuri, nafasi ya juu na ya chini haitakuwa sawa, na mlango utakwama.

Halafu namba. Kuna kibati chenye namba ya shasi, ya motere, ya bodi na ya gia. Namba ya motere imegongwa pia juu ya motere yenyewe, na hizo mbili zifanane. Jaguar Daimler Heritage Trust, kule Uingereza, inatoa cheti kinachoonyesha namba za kwanza, rangi ya kwanza na siku motokari ilitoka kiwandani. Cheti kikisema ilitoka ya kijivu, nyekundu haikatazwe, lakini bei inashuka, na muuzishaji alipaswa kuisema mbele. Mimi ningependa motere ya kubadilishwa inayotembea vizuri, ila mimi siye mnunuzi.

Aombe pia picha za kazi. Fundi aliyekata bati lililooza kweli anapiga picha ya uozo ule, sababu ndiyo inamlipisha.

Shida ni kwamba patron ameisha kuipenda kwa picha, na mpwa anaogopa kurudi na neno baya. Yeye ni mupya pale. Nilimjibu aandike kwenye karatasi kila pahali sumaku itashindwa, amupe patron asome mwenyewe. Anakwenda siku ya posho.