Biskuti za Idd Huokwa Kabla ya Mwezi Kuonekana

Katika siku kuu zote za mwaka, hakuna imsumbuayo mpishi kama Idd-ul-Fitr. Krismasi siku yake yajulikana tangu Januari, lakini Idd hungoja mwezi. Ramadhani huenda ikawa siku 29, huenda ikawa 30, wala hapana ajuaye kwa yakini mpaka jioni ile macho yote yanapoelekea magharibi, na Kadhi Mkuu akatoa habari. Mama wa nyumba aliyeiacha kazi yake mpaka usiku huo hujikuta na saa chache tu kabla ya alfajiri, huku nguo za watoto zangoja pasi, na zaka ya fitri yatakiwa itolewe kabla ya swala.

Ndiyo sababu wanawake wa pwani hupenda vyakula vya siku kuu vinavyokaa: visheti, vileja, na biskuti za jemu.

Kuna mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye zamani alikuwa akioka siku ya Idd yenyewe, ili wanawe watokao Nairobi na Nakuru wale biskuti zikiwa moto. Idd moja mama yake mzazi, aliyekuwa mtu mzima sana, aliketi sebuleni tangu watu waliporudi msikitini, akimwita aje waongee. Kila mara alijibiwa, "Naja, mama, sinia hii ndiyo ya mwisho." Sinia ya mwisho ilitoka adhuhuri, na yule bibi alikwisha lala usingizi. Idd ya pili haikumkuta duniani. Tangu hapo, katika nyumba ile, biskuti haziokwi tena siku ya Idd. Pilau wamepewa wakaza wana, na mwenye nyumba huketi na watu wake.

Kazi yake sasa huanza katika kumi la mwisho la Ramadhani, usiku baada ya tarawehe, wakati ambapo mpishi ana ruhusa ya kuonja. Hupima unga gramu 600, siagi 400 na sukari 200, yaani mafungu matatu, mawili na moja. Husugua siagi na sukari mpaka ziwe nyeupe, akatia viini viwili vya mayai na iliki iliyotwangwa, kisha unga. Hakandi sana, kwa maana unga ukikandwa mno biskuti huwa ngumu. Hufanya vidonge vidogo, akabonyeza kila kimoja katikati kwa kidole gumba. Joko la moto wa wastani huziiva kwa muda wa robo saa hivi. Na asiye na joko hutumia sufuria nzito, akipalia makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Zitokapo, vile vishimo huwa vimefura, naye huvibonyeza tena kwa mgongo wa kijiko zingali moto.

Hapo ndipo ilipo siri ya kazi nzima: jemu hatii. Jemu ina maji, na biskuti iliyokauka huyanywa. Ikijazwa mapema hulegea na kupoteza ule ukavu wake, hasa pwani ambako hewa yenyewe ni ya unyevu. Basi huziacha zipoe kabisa, maana zikifungwa zingali na joto mvuke hugeuka maji ndani ya mkebe. Kisha huzipanga kwa karatasi katika mikebe yenye vifuniko vya kubana. Jemu ya mapera huipika mbali, kwa sukari na maji ya ndimu, akaihifadhi katika chupa safi. Sukari nyingi huyashika maji ya matunda hata vijidudu viozeshavyo visipate nafasi.

Mwezi ukionekana, mikebe hufunguliwa. Jemu huchemshwa tena kidogo mpaka ishike kijikoni, na watoto na wajukuu huketi mkekani wakijaza vishimo kimoja kimoja. Kazi iliyokuwa ikimtenga mama na watu wake, sasa ndiyo iwakusanyayo. Hata mwana aliyefika usiku kutoka Nairobi hupewa kijiko kabla ya kupewa chai, na habari za mwaka mzima husimuliwa hapo. Asubuhi sahani za majirani huwa tayari zimefunikwa.

Wako wasemao kwamba biskuti za dukani hupunguza taabu. Ni kweli, wala hazina aibu kwa asiye na wakati. Lakini biskuti ya dukani haimkalishi mtu mkekani.

Tena mwenye mshahara wa mwezi na afikiri jambo hili. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, na kwa hiyo Idd haijali tarehe ya malipo; yaweza kuja katikati ya mwezi, mfuko ukiwa mtupu. Anunuaye unga na sukari mapema hatakopa kwa ajili ya sherehe. Wazee walisema akiba haiozi. Nao watu wazima tulio nao hawawekwi akiba. Hao yafaa kuketi nao siku ile ile wanapotuita.